Mbolea Iliyopikwa kwa Karanga

Hebu niambie, wewe unayesoma: umewahi kushika jembe tangu una miaka sita, ukalea watoto watano kwa jembe hilo, halafu ukafika miaka sitini na tatu, mtu aliyevaa glavu zenye maua akakuuliza polepole kama unajua mbegu inaingia ardhini upande gani?

Kasoki aliulizwa. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa, kule Auderghem, pembeni mwa Brussels, karibu na msitu, kwenye bustani ya pamoja yenye geti la namba za siri, ubao wa sheria kumi na saba, na mapipa matatu ya mboji yenye majina. Ndiyo, majina. Pipa la kwanza liliitwa Josiane. Watu walikuwa wakipita asubuhi wanalisalimu, bonjour Josiane, na Kasoki aliyesimama kando hawamwoni.

Aliyeuliza alikuwa Nathalie, mwenyekiti wa bustani, mwanamke wa kama miaka arobaini, mwembamba, mwenye sauti ya kubembeleza mgonjwa. Kasoki aliiangalia punje ya haragwe kwenye kiganja chake, akamwangalia Nathalie, akajibu, "Oui, madame." Maneno hayo mawili yalikuwa yamemtosha miaka kumi na minane ya kusafisha ofisi za watu.

Kipande alichopewa kilikuwa namba kumi na nne, mita nne kwa mita sita. Alikingoja kwenye orodha miaka mitatu. Na hakupewa moja kwa moja. Alipewa kwa majaribio. Katikati ya mwezi wa kumi na moja wanachama wote wangekutana, wangepiga kura, na kura hiyo ndiyo ingesema Kasoki anabaki na kipande chake au anatoka. Karatasi yenyewe ilisainiwa na binti yake Ornella, kwa sababu Nathalie alisema ni vizuri kuwa na mtu "wa kuwasiliana naye."

"Lakini msimu umekwisha, Madame," Nathalie aliendelea, kwa Kifaransa. "Mwezi huu hatupandi tena. Sasa tunalaza ardhi."

Kasoki akamgeukia Ornella. "Anasema nini?"

"Anasema banalazaka udongo, maman. Udongo inaenda kulala."

"Inalala? Ilichoka na nini?"

Ornella akamwambia Nathalie kwamba mama yake anaona mahali hapa ni pazuri sana.

Sasa sikia namna kosa lilivyozaliwa. Kasoki ni mtu wa Butembo, milimani mwa Kongo ya mashariki, na kule mwezi wa tisa ndio mwezi wenyewe. Mvua inarudi, wanawake wanatoka na majembe alfajiri, na anayekutwa hajapanda maharagwe ifikapo katikati ya mwezi huitwa mvivu mpaka Krismasi. Auderghem alikuta mwezi ni wa tisa. Alikuta mvua. Alikuta udongo mweusi, laini, unaovunjika mkononi kama keki. Mbele ya mambo hayo matatu, mtu anayemwambia ardhi imelala anaonekana tu kama mtu asiyependa kazi. Akapanda maharagwe yote, kilo nzima aliyoinunua Ixelles kwenye duka la Wakongo, punje mbili kila shimo. Siku ya nane yakatoka, mazuri, yameinamisha shingo. Wanachama walikuja kuyatazama kwa huruma na hakuna aliyefungua mdomo. Wenyewe wanaita hiyo heshima.

* * *

Nyumbani kwao ni Koekelberg, ghorofa ya tatu, dirisha linalotazama upande mmoja wa basilika. Hapo anakaa Kasoki, Ornella anayeuza dawa kwenye farmasia, na mume, Papa Sylvestre, aliyekuwa inspekta wa shule kule Butembo na ambaye hapa Brussels alilinda maegesho ya magari mpaka pensheni. Inspekta ndiye aliyebaki. Mlinzi wa maegesho hatajwi.

"Sylvestre," Kasoki alimwambia jioni moja, Jumamosi ikikaribia, "samedi utakuya tuvute maji na miye? Bidoni inaniumiza goti."

"Miye? Mugongo, bibi. Mugongo."

"Mugongo haikuumaka ukibeba casier ya bia."

Papa Sylvestre aliweka gazeti chini kwa utaratibu wa mtu anayejiandaa kukagua darasa. "Bon. Sikiliza. Muntu alisoma pédagogie, akakuwa inspecteur wa territoire nzima, hawezi kukuya Ulaya juu ya kushika jembe. Jembe tuliacha kule."

"Tuliacha? Nani na nani? Weye uliishikaka siku gani?"

"Ni namna ya kusema."

"Aa. Namna ya kusema."

Lakini Jumapili, baada ya ibada, huyohuyo alisimama katikati ya wanaume wenzake mlangoni mwa kanisa, mikono nyuma. "Niko na concession yangu kule Auderghem," alikuwa anasema. "Karibu na forêt. Hewa ya kule, ndugu zangu, haiko kama ya hapa." Concession, kana kwamba ni shamba kubwa! Kipande cha mita nne kwa sita, ambacho alikanyaga mara moja tu, kwa viatu vya kanisani, akasimama juu ya ubao asichafuke, akauliza choo kiko wapi.

* * *

Mwezi wa kumi, tarehe kumi na kitu, Kasoki alipanda metro mbili kama kawaida, safari hii na Ornella, akatembea dakika zake kumi na tano, akafungua geti, akakuta maharagwe yake yamekuwa meusi. Umande ulikuwa umeganda mweupe juu ya kila kitu. Majani yalikuwa yamelegea kama yamechemshwa, na maua, kwa sababu yalikuwa yameshaanza maua, yalishikamana kwenye vidole kama karatasi iliyolowa.

Nathalie alifika kumpa pole. Alimshika bega. Akasema si kosa lake, asijilaumu hata kidogo, maana huko kwao hakuna misimu.

"Anasema nini?" Kasoki akamuuliza binti yake.

"Anasema haiko kosa yako."

"Ile nilisikia. Anasema kwetu hakuna nini?"

Ornella alivuta zipu ya koti lake mpaka kidevuni. "Anasema kwetu kuko jua mingi."

Butembo! Ambako Kasoki alivaa sweta akienda shule, ambako mtoto mchanga anafunikwa blanketi mbili. Ambako misimu inajulikana kwa tarehe na mtu akiikosea anakula kwa jirani. Lakini Nathalie aliwahi kwenda likizo Zanzibar, siku tisa, kwa hiyo Afrika alikuwa anaijua.

Aliyesaidia bila kushika bega la mtu ni Monsieur Wauters wa kipande cha kumi na tatu, mzee wa miaka sabini na tisa, aliyeendesha tramu maisha yake yote. Alimpa Kasoki konzi mbili za vitunguu saumu, akamwonyesha kwa kidole: hivi ndivyo vinavyopandwa wakati wa baridi, vinalala chini ya theluji, unang'oa mwezi wa saba. Kasoki aling'oa maharagwe yake yaliyokufa, akapanda saumu mistari sita iliyonyooka kama daftari. Baada ya hapo akawa anakuja kila siku, hata siku ambazo hakukuwa na la kufanya. Alipindua ndoo, akaikalia, akatazama mistari yake. Wiki mbili hazijaisha zikatokeza ncha za kijani, ndogo, kama sindano.

Na alipokuwa amekaa pale kwenye ndoo, ndipo alipoona vizuri vipande vya wenzake.

Vilikuwa vimejaa mboga. Mboga mpaka magotini! Majani mapana, mabichi, yanayong'aa kwa mvua, vipande kumi na moja vizima, na hakuna mtu aliyekuwa anachuma. Alingoja siku tatu aone mwenye mboga. Siku ya nne akamuuliza Monsieur Wauters kwa Kifaransa chake cha ofisini: hii ni nini?

"Haradali," mzee alijibu. "Engrais vert." Mbolea ya kijani.

"Kula?"

"Hapana, hapana. Tunaikata baadaye, tunaigeuza chini. Si ya mtu, Madame. Ni ya ardhi."

Kasoki alielewa kila neno. Huo ndio msiba wenyewe, kwamba alielewa. Mboga ile si ya mtu, mwenyewe amesema. Na hata ingekuwa ya mtu, kule kwao shamba la jirani lina sheria yake. Ukichimba muhogo wake, hapo umeiba. Majani ya maboga au ya maharagwe huombi ruhusa. Unachuma mawili kwa kila shina, unaacha moyo wa mmea, unapita na kumsalimu ukimkuta. Akavunja jani moja, akalitafuna. Lilikuwa kali, linapanda puani. Kwa karanga, alijisemea, ukali huo utashuka.

Akampigia simu Gracieuse wa kwaya.

"Gracieuse, dada, kuya na ma sac kubwa mbili."

"Ya nini tena?"

"Bazungu banalima mboga, halafu habaikule. Banaizika."

"Banaizika? Mboga?"

"Njo nakuambia. Banakata, banafunika na udongo."

"Seigneur! Na batoto yabo banakulaka nini?"

"Chips."

Wakachuma Jumamosi ile ya sikukuu ya Watakatifu Wote, mchana kweupe, wakiimba. Hakukuwa na mwanachama hata mmoja. Wote walikuwa wamekwenda baharini kupumzika baada ya kulaza ardhi. Majani mawili kila shina, moyo hawakuugusa. Magunia mawili yakajaa, Gracieuse akapiga picha: Kasoki ameinama nyuma, magunia mbele, haradali ya watu pande zote.

* * *

Jumapili, baada ya ibada, wakala watu thelathini na wanne ukumbini mwa kanisa. Kasoki alimwaga maji ya kwanza kuondoa ukali, akaweka vitunguu, karanga za kusaga, mawese kidogo kwa rangi, na bugali pembeni. Mchungaji aliongeza mara mbili na akasema hajala mboga ya hivi tangu atoke kwao Beni. Wamama walikwangua sufuria. Na Papa Sylvestre alisimama, akagonga glasi kwa uma.

"Bapendwa, hii mboga munakula inatoka ku concession yangu."

Makofi. Kasoki alikuwa jikoni anaosha sufuria ya pili.

Kama angeishia hapo pangekuwa salama. Lakini mtu anayependa makofi hashibi. Jioni Papa Sylvestre aliweka ile picha ya Gracieuse kwenye Facebook, akaandika kwa Kifaransa kirefu: Mavuno ya vuli kwetu Auderghem, Mungu ni mkuu. Na ili concession ijulikane vizuri iko wapi, akaunganisha na ukurasa wa bustani yenyewe.

Barua ya Nathalie ilifika Jumatatu kwenye simu ya Ornella, kabla chai haijapoa.

"Banasema nini?" Kasoki aliuliza.

Ornella alisoma kimya kwanza. Halafu akasoma kwa sauti: kumefanyika "prélèvement" ya mbolea ya kijani kwenye vipande kumi na moja vya wanachama wengine, jambo hili limewagusa sana, litazungumzwa kwenye mkutano mkuu, kabla ya kura ya kipande namba kumi na nne.

"Prélèvement ni nini?"

"Ni... kuchukua."

"Sema wizi."

"Habakusema wizi, maman."

"Muntu alisoma hawezi kusema wizi. Anasema prélèvement."

Papa Sylvestre alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. "Nilikuambiaka nini," alisema, "juu ya ile parcelle yako?"

"Yangu? Dimanche mu kanisa ilikuwa concession yako."

"Dimanche ni namna ya kusema."

"Papa, toa ile photo," Ornella alisema. "Toa sasa hivi."

Aliitazama simu yake kama mtu anayeambiwa atoe jino. "Iko na deux cent quatorze ya likes," alisema. Mia mbili na kumi na nne. "Hata ba cousin ya Kampala balipenda." Ornella akainyakua simu, akaifuta picha mwenyewe.

Mchana huo Ornella akaandika jibu. Kasoki alimwona anaandika, akangoja mpaka amalize, akamwambia amsomee.

"Nimeomba pardon tu, maman."

"Soma yote. Na Kiswahili."

"Alors... nimesema, mama yangu ni muzee. Alisoma kidogo tu. Hajui namna ya hapa. Tunaomba mumuhurumie, itakuwa mara ya mwisho."

Kasoki alikuwa anakunja nguo za Papa Sylvestre. Alimaliza shati moja, akachukua lingine.

"Hajui namna ya hapa," alisema. "Miaka dix-huit nimesafisha bureau zabo. Ninajua nani anafichaka chupa mu tiroir ya meza. Ninajua nani analiaka mu toilette. Ile batu banaita namna ya hapa, ni miye nilikuwa ninaipanguza mavumbi kila asubuhi. Vuta ile barua."

"Nilisha tuma."

"Ulituma mbele ya kunisomea?"

Ornella aliketi. Uso wake ulikuwa umechoka. Yeye anasimama nyuma ya kaunta kwa saa nane kila siku, akitabasamu kwa watu wanaomuuliza kama farmasia ina mtu mwingine. "Maman, unataka parcelle, ao hauitake?"

"Ninaitaka."

"Basi uniache niseme. Batu ya vile banapenda muntu wa kuhurumia. Muntu wa kubishana naye, habamupe kitu."

Kasoki akamalizia kukunja nguo. Kesho yake alikwenda bustanini akakuta kibao cha plastiki kimechomekwa kwenye kila kipande chenye haradali: mkono mweusi umechorwa unachuma jani, na mstari mwekundu umeukata mkono. Vibao kumi na moja. Mkono mweusi, alijisemea, labda ni wino tu ulikuwa wa rangi hiyo. Haradali ilikuwa imeshaanza kuchipua tena, ncha mpya kwenye kila shina, kwa sababu ndivyo mboga inavyofanya ikichumwa na mtu anayejua. Hakuna aliyeliona hilo.

* * *

Asubuhi ya mkutano Papa Sylvestre alivaa suti na tai, akachukua mkoba wake wa inspekta usio na kitu ndani.

"Ile mboga iliganda mu congélateur," alisema, "uipashe moto, tubapelekee. Muzungu akikula, hasira inaisha."

"Papa, ile ni preuve ya wizi!" Ornella alipiga kelele.

"Bon. Basi bakule preuve."

Kasoki akaipasha moto. Alijua upuuzi akiuona, lakini sufuria angalau ilikuwa kitu cha kushika mikononi.

Mkutano ulikuwa ndani ya nyumba ya vioo ya bustani, saa nne, watu ishirini na wawili kwenye viti vya kukunja, kila mmoja na kikombe cha supu ya boga. Jambo la kwanza lilikuwa Josiane, ambaye alikuwa anatoa harufu. Jambo la pili lilikuwa rangi ya geti. Jambo la tatu lilikuwa konokono wasio na nyumba, wanaokula saladi: wauawe au wasiuawe? Hapo walizungumza saa nzima. Kuna aliyelia. Mwishoni wakapiga kura, kumi na saba kwa nne, konokono wasiuawe, wakusanywe kwa mkono na wapelekwe msituni kwa upole, kwa zamu. Tatiana, katibu, akaandika majina ya zamu. Kasoki aliketi mstari wa nyuma, sufuria mapajani, joto lake likipita kwenye sketi.

Jambo la saba liliitwa "Tukio la haradali."

Nathalie alisimama. Hakuwatazama Ornella wala Papa Sylvestre. Alikuja mpaka mbele ya Kasoki, akainama kidogo, akasema polepole, kwa nguvu, neno moja moja.

"Madame Kasoki. Engrais vert. Kwa ardhi." Akaonyesha chini. "Si kula." Akapeleka vidole vyake mdomoni, akatingisha kichwa. "Miam-miam, hapana."

Miaka sitini na tatu. Wajukuu tisa. Miam-miam.

Kasoki alimtafuta Monsieur Wauters kwa macho. Mzee alijua vizuri nani alisema si ya mtu. Alikuwa anaichunguza supu yake, kwa makini, kama kuna reli ndani.

"Mabibi na mabwana!" Papa Sylvestre alisimama kabla hajaitwa. Akatoa Kifaransa chake kile cha sherehe za shule, chenye vitenzi ambavyo hata Wabelgiji wenyewe wameviacha, akasema familia yake inaomba radhi, na kwamba kabla ya hukumu anaomba heshima ya kuwaonjesha. Akamnyang'anya mkewe sufuria, akafunua.

Harufu ya karanga ikajaa nyumba ya vioo. Walionja kwanza kwa adabu, kwa ncha ya kijiko. Halafu vijiko vikarudi.

"Hii ni haradali yetu?" mtu aliuliza.

"Ni tamu sana!" alisema Tatiana, ameacha kuandika.

"Na sisi tumekuwa tunaizika miaka kumi na mbili!"

Nathalie alikula vijiko vinne, akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na machozi, na yeye ni mtu ambaye machozi yake daima yanakuja na mradi. "Marafiki," alisema, "nimeaibika. Sisi tuliita wizi. Lakini huu ni ujuzi!" Akaanza kutembea huku na huku. Ana wazo. Kipande namba kumi na nne kisiwe tena cha majaribio. Kiwe Kipande cha Dunia! Watoto wa shule waje kila Jumatano mchana, Madame Kasoki awaonyeshe jinsi wanavyochuma huko kwao. Awe amevaa vitambaa vyake vizuri vya rangi. Pawe na bango lenye picha yake. Komini, serikali ya mtaa, inatoa ruzuku kwa mambo ya namna hii. Saumu zile za katikati zihamishiwe pembeni, ili benchi za watoto zipate nafasi, na mwaka ujao kamati itachagua pamoja nini kipandwe hapo, kitu cha kueleweka kwa watoto.

Makofi. Monsieur Wauters naye alipiga, kwa kuwa sasa palikuwa salama. Papa Sylvestre alitangaza yuko tayari kuwa mratibu wa kielimu. Wakapiga kura kwa kuinua mikono, na mikono yote ikainuliwa. Hata konokono hawakupata kura nzuri namna hiyo.

Ornella alimshika mama yake mkono. "Maman, tumeipata! Umebaki! Parcelle ni yako, banakubali bote. Simama. Banangojea useme merci, ubashukuru."

Kasoki akasimama. Watu wawili watatu wakainua simu wapige picha. Alinyoosha sketi yake, mahali ambapo sufuria ilikuwa imekunja kitambaa.

"Baambie habagusi ile ail yangu, ile saumu," alisema.

Ornella alitabasamu kwa watu. "Mama yangu anasema," alisema kwa Kifaransa, "ameguswa sana moyoni."

"Hapana." Kasoki hakupaza sauti. "Haukusema ile nilisema. Kifaransa ya kusema ninakosa, ya kusikia niko nayo. Sema yangu."

"Maman, tafazali. Usiharibishe."

"Sema yangu, Ornella, ao nyamaza, nitaisema na Kiswahili mpaka mwisho, na batafuta bengine ba kubafasiria."

Nathalie alikuwa bado anatabasamu, kichwa ameinamisha upande, anangoja. Ornella alimtazama baba yake. Baba yake alikuwa anafunga mkoba. Akawageukia watu. Na kuanzia hapo alifasiri neno kwa neno, bila kuongeza sukari.

"Baambie sikukuya hapa kuonyesha kitu," alisema Kasoki. "Kitenge yangu niko ninavaa kanisani. Batoto ya shule biko na mwalimu yabo. Miye, ku commune, ninasema merci. Ku hospitali, merci. Mu metro, muntu akinipisha, merci, asiponipisha, pardon. Ku nyumba yangu batu banakula, banatoka ku meza, na ni miye tena ninasema merci balikula. Dix-huit ans, kwa muntu aliniachia karatasi yake chafu chini, bonjour na merci. Miaka mitatu niliweka jina mu liste yenu juu ya kintu kimoja. Haikuwa mboga. Nilitaka mita nne kwa sita, humu mu Bruxelles yote, pahali pamoja tu hakuna muntu wa kuambia merci."